Ugonjwa wa Akina Mama Unaofichwa: Misuli ya Nyonga Ikilegea

Kila mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa anaijua hatari hii. Ng'ombe amezaa vizuri, ndama amesimama, watu wa nyumbani wamefurahi. Baada ya saa chache kizazi cha ng'ombe chatoka nje. Mwenye ng'ombe halali tena. Hukifunika kwa shuka safi yenye maji, huwafukuza mbwa, na kijana hutumwa mbio kumwita daktari wa mifugo, hata ikiwa ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Hakuna anayeona haya, wala hakuna anayesema, "Tungoje mpaka mwaka ujao."

Katika boma lilo hilo pengine yuko mama ambaye kizazi chake kilianza kushuka miaka kumi iliyopita. Ama yuko mama asiyeweza kukohoa, kucheka wala kunyanyua debe bila mkojo kumtoka. Hajamwambia mtu. Siku ya mkutano wa chama cha ushirika hukaa nyumbani, na akienda kanisani au msikitini hukaa karibu na mlango, kwa kuogopa harufu. Mumewe humwona amekuwa mnyamavu na mchovu, lakini hajui sababu.

Hatuandiki haya ili kumfananisha mama na mnyama. Tunafananisha haraka ya mkulima. Mtu anayekimbia usiku kwa ajili ya ng'ombe wake atakimbia zaidi kwa ajili ya mama wa watoto wake, mradi ajue kwamba kuna ugonjwa, na kwamba dawa yake ipo. Basi mwezi huu tutaeleza ugonjwa huu kwa maneno ya wazi. Tunawaomba mabwana wasiruke ukurasa huu wakidhani ni mambo ya wanawake tu.

MISULI HIYO NI NINI?

Chini ya tumbo la kila mtu kuna mifupa ya nyonga, iliyoshikana kama beseni lisilo na kitako. Mahali pa kitako pamezibwa na misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele mpaka mwisho wa uti wa mgongo. Misuli hii huitwa sakafu ya nyonga. Juu yake vimekaa vitu vitatu: mbele kibofu cha mkojo, katikati kizazi, na nyuma mwisho wa utumbo mkubwa. Kati ya misuli hiyo zimepita njia tatu, yaani njia ya mkojo, njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo misuli hii ina kazi mbili. Inabeba vitu vilivyo juu yake, na inafunga milango iliyo chini.

Fikiri juu ya kitanda cha kamba. Kikiwa kipya, kamba zimekazwa sana, na mtu akilala hadidimii. Baada ya miaka mingi ya kubeba uzito, kamba hulegea katikati na mwenye kulala karibu aguse sakafu. Mwenye kitanda hakitupi. Kamba zilizolegea huzikaza, na zilizokatika humpa fundi azifunge upya. Misuli ya nyonga ni vivyo hivyo. Ikiwa imelegea tu, mara nyingi inaweza kukazwa kwa mazoezi nyumbani. Ikiwa imechanika sana, fundi wake ni daktari wa upasuaji.

Ugonjwa huu si laana, wala si dalili ya uasherati, wala hauambukizi. Tena si wa watu maskini peke yao. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba karibu mwanamke 1 katika kila 4 wenye umri wa miaka 20 au zaidi alikuwa na shida moja au zaidi ya misuli hii. Ikiwa ni hivyo katika nchi ambayo maji huingia jikoni kwa bomba, mama anayebeba maji kwa mgongo asijione kuwa yuko peke yake.

DALILI ZAKE

Mama anaweza kuwa na moja ya dalili hizi, au kadha wa kadha kwa pamoja:

1. Mkojo hutoka kidogo anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka, anapolima au anaponyanyua mzigo.

2. Haja ndogo humjia kwa ghafula na kwa nguvu, hata asiweze kufika chooni. Usiku huamka mara nyingi.

3. Huona uzito chini ya tumbo, kana kwamba kitu kinashuka. Uzito huu huzidi jioni baada ya kazi, na hupungua akilala.

4. Huona au hugusa uvimbe laini kwenye mlango wa njia ya uzazi. Hicho ni kibofu, kizazi au utumbo unaoshuka. Wengine hulazimika kuurudisha kwa kidole ili waweze kujisaidia.

5. Hawezi kuzuia upepo au haja kubwa.

6. Huona maumivu ya mgongo upande wa chini, ama maumivu wakati wa kukutana na mumewe.

Akina mama wengi wakiona dalili hizi hupunguza kunywa maji ili mkojo usiwatoke. Hilo ni kosa. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai hukichoma kibofu, na mama huzidi kwenda haja. Tena choo hukauka, naye akijikamua huizidisha misuli ulegevu.

KWA NINI MISULI HULEGEA?

Sababu kubwa ni mimba na kuzaa. Kwa miezi tisa misuli hubeba uzito unaoongezeka kila wiki, kisha siku ya kuzaa hunyooshwa sana ili kichwa cha mtoto kipite. Mama aliyezaa mara nyingi, au aliyezaa mtoto mkubwa, au aliyekaa na uchungu kwa muda mrefu, yuko katika hatari zaidi. Lakini hata mama aliyezaa mara moja anaweza kupatwa.

Sababu ya pili ni umri. Hedhi ikikoma, nguvu za mwili zilizokuwa zikilinda nyama za sehemu hizo hupungua.

Sababu ya tatu ni kitu chochote kinachosukuma tumbo kuelekea chini kila siku. Kikohozi kisichokwisha, moshi wa jikoni, tumbaku, choo kigumu na unene uliozidi, vyote vimo. Na juu ya hayo kuna mizigo mizito, jambo linalotuhusu sana sisi wa mashamba ya skimu.

HESABU YA DEBE

Skimu za Ekari Milioni Moja zilipoanza mwaka wa 1962, kila jamaa walipewa kipande chao na wakajenga nyumba katika kipande hicho. Kukaa katika shamba lako mwenyewe ni jambo jema. Lakini nyumba zikitawanyika, na mto ukiwa bondeni, mtu mmoja hana budi kupanda kilima na maji. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama.

Tufanye hesabu pamoja. Debe moja la maji ni lita 20, nazo zina uzito wa kilo 20. Mama akienda mtoni mara nne kwa siku, amebeba kilo 80. Kwa siku 30 amebeba kilo 2,400. Gunia la mahindi ni kilo 90. Kwa hiyo mama huyo amebeba uzito unaozidi magunia 26 ya mahindi kila mwezi, na hapo hatujahesabu kuni, majani ya ng'ombe, wala viazi vilivyotoka shambani mpaka barabarani. Ikiwa pia ana mimba, au ana mtoto wa wiki mbili, mzigo ni ule ule.

Mkulima mwenye akili hawezi kumfungia maksai aliyezaliwa jana jembe la kulimia. Vile vile misuli iliyonyooshwa jana katika uzazi haiwezi kubeba debe leo.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya bati lenye eneo la mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 ina eneo la mita 50 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 20 huleta lita 1,000. Hata tukitoa lita 200 zitakazomwagika, zabaki lita 800, yaani madebe 40. Hizo ni safari za siku 10 za yule mama, nazo zimeletwa mlangoni kwa mvua ya usiku mmoja. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati na tangi.

Ikiwa fedha za tangi hazijapatikana, yako mambo mengine yanayoweza kufanywa mwezi huu. Punda au mkokoteni waweza kuleta madebe mengi kwa safari moja. Wilbaro ni bora kuliko mgongo. Na ikiwa hapana budi kubeba, mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, au lita 10 kwa kila safari, ni afadhali kuliko debe zima mgongoni. Kwa viazi na mboga, jazeni magunia madogo, na acheni kabisa mtindo wa lumbesa. Gunia la lumbesa humwibia mkulima bei yake, na humwibia mwenye kulibeba afya yake.

ZOEZI LA KUKAZA MISULI

Mwaka wa 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya zoezi la kuwasaidia akina mama ambao misuli yao imelegea. Mpaka leo zoezi hilo ndilo jambo la kwanza ambalo madaktari huagiza kwa mama anayetokwa na mkojo, au ambaye kizazi chake kimeshuka kidogo. Halina gharama, na hakuna mtu atakayejua kwamba unalifanya.

Kwanza itafute misuli yenyewe. Kaa au lala. Fanya kana kwamba unazuia upepo usitoke mbele ya wageni, na wakati huo huo unazuia mkojo. Utaona sehemu za chini zinakazwa na kuvutwa juu kuelekea ndani. Hiyo ndiyo misuli yenyewe. Ukiona makalio, mapaja au tumbo vinakazwa, basi umekosea. Vilegeze uanze tena. Usizuie pumzi.

Kisha fanya hivi:

Kaza misuli polepole, hesabu mpaka tano, halafu ilegeze kabisa na kupumzika kwa muda ule ule. Rudia mara 8 mpaka 10. Baadaye kaza kwa haraka na kulegeza kwa haraka, mara 8 mpaka 10. Fanya hivyo mara tatu kila siku. Nguvu ikiongezeka, hesabu mpaka kumi badala ya tano.

Kulegeza ni sehemu ya zoezi kama kukaza, kwa hiyo usikuruke. Wala usifanye zoezi hili kila mara wakati wa kukojoa, kwa maana kibofu kitazoea kutokwisha mkojo. Na zoezi likileta maumivu, liache mpaka muuguzi akupime, kwa sababu wako akina mama ambao misuli yao imekazana kupita kiasi, na hao huhitaji mafunzo mengine.

Ili usisahau, lifunge zoezi pamoja na kazi ya kila siku. Asubuhi lifanye unapokamua ng'ombe. Mchana lifanye unapochambua maharagwe, au unapongoja gari la maziwa. Jioni lifanye ukisonga ugali. Tena jizoeze kukaza misuli kabla ya kukohoa, kabla ya kupiga chafya, na kabla ya kunyanyua kitu chochote. Kwa desturi hiyo peke yake mama wengi huona nguo zao zimekauka.

Usitazamie mabadiliko baada ya wiki moja. Mahindi hayavunwi wiki ya kupandwa. Fanya zoezi kila siku kwa miezi mitatu ndipo upime faida yake. Ukipata nafuu, endelea. Ukiacha, misuli italegea tena.

Kwa mama ambaye haja humjia kwa ghafula, kuna jambo jingine. Haja ikimshika, asikimbie. Asimame au akae, akaze misuli mara kadhaa, angoje haja itulie, ndipo aende chooni kwa utaratibu. Kila wiki aongeze dakika chache za kungoja. Tena apunguze chai na kahawa, kwa sababu hukichochea kibofu, lakini asipunguze maji.

MAMBO YA NYUMBANI YANAYOSAIDIA

Choo kilainike. Kula sukuma wiki, mchicha, maharagwe, matunda na ugali wa unga usiokobolewa, na kunywa maji ya kutosha. Chooni usijikamue.

Kikohozi kitibiwe. Jiko liwe na dohani au dirisha la kutolea moshi. Mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi aende zahanati apimwe kifua kikuu.

Mama aliyezaa apumzike. Kwa wiki sita za kwanza asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Desturi za wazee wetu za kumlisha mzazi na kumfanyia kazi zilikuwa na maana, na hazifai kutupwa. Zoezi la kukaza misuli aweza kulianza polepole siku chache baada ya kuzaa, mradi halimwumizi na muuguzi amekubali. Ikiwa alipasuliwa, afuate maagizo ya hospitali.

Uzazi upangwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, baada ya kuzaa, mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mkulima hupumzisha shamba lake lisichoke. Na mwili wa mama nao wahitaji wakati wa kujijenga upya.

Na jambo moja lisifanywe kamwe: usitie majani, majivu, tumbaku wala vitambaa katika njia ya uzazi ili kuzuia kizazi au mkojo. Wako wauzaji wa dawa wanaoahidi kwamba kizazi kitapanda kwa siku tatu. Dawa hizo huunguza nyama, huleta vidonda na usaha, na hufanya kazi ya daktari kuwa ngumu zaidi.

UKIENDA KWA DAKTARI

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikiwa unaona haya kumweleza mwanamume, omba uonwe na muuguzi mwanamke, hakuna atakayekulaumu. Maneno ya kusema ni machache: "Mkojo unanitoka," au "Kuna kitu kinashuka chini." Wauguzi wameyasikia mara nyingi. Watauliza umezaa mara ngapi na shida ilianza lini. Watapima mkojo, maana pengine kuna maradhi ya kibofu au ya sukari, nayo yana dawa zake. Kisha watakupima sehemu zenyewe.

Ikiwa kizazi kimeshuka na mazoezi hayatoshi, kuna pete laini ambayo mtaalamu huiweka ndani ili ishikilie kizazi. Pete hiyo huchaguliwa kwa kipimo cha kila mama, na yeye hupewa tarehe za kurudi ili itolewe, isafishwe na nyama zitazamwe. Yafaa kwa mama ambaye hataki kupasuliwa, au ambaye bado anataka kuzaa.

Ikiwa hali ni mbaya zaidi, daktari atashauri upasuaji, ama wa kushona na kukaza misuli, ama wa kuondoa kizazi na kutengeneza mahali pake. Baada ya upasuaji mama lazima aache mizigo kwa wiki sita au zaidi, kama daktari atakavyoamuru. Mama akirudi kwenye debe na kuni kama zamani, shida yaweza kurudi. Kwa hiyo upasuaji bila wilbaro au tangi ni kazi nusu.

Usingoje hata siku moja ukiona mojawapo ya haya: mkojo umeziba na hautoki, kitu kilichotoka kimekauka, kina kidonda au kinatoa damu, una homa na maumivu chini ya tumbo, ama unatokwa na damu na hedhi ilikwisha koma.

Kuhusu gharama, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Jamaa ambao hawajajiandikisha wafanye hivyo kabla ugonjwa haujabisha hodi. Mwenye simu aweza kuanza kwa kupiga *147#, akiwa na kitambulisho chake. Asiyejua amwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Mwaka wa 2023 Serikali iliwapa wahamasishaji wapatao 100,000 mikoba ya vifaa ili watembelee nyumba kwa nyumba. Mmoja wao yuko karibu nawe.

MKOJO UNAOTOKA MCHANA NA USIKU

Kuna ugonjwa mwingine ambao watu huuchanganya na huu, nao ni nasuri ya uzazi, inayoitwa pia fistula. Mama huwa alikaa na uchungu kwa muda mrefu mno bila msaada. Kichwa cha mtoto kilibana nyama juu ya mfupa mpaka zikafa, na baada ya siku chache tundu likafunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi, ama kati ya njia ya uzazi na utumbo. Mkojo hutiririka saa zote, mama awe amelala au amesimama, akikohoa au asipokohoa. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa. Mama hubaki na misiba miwili, kisha watu wakamkimbia kwa sababu ya harufu.

Mazoezi hayazibi tundu hili. Lakini mama akifika hospitali mapema, tundu dogo laweza wakati mwingine kupona kwa kuwekewa mpira wa kutoa mkojo kwa wiki kadhaa. Tundu kubwa au la zamani hushonwa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo. Wako akina mama waliokaa na nasuri kwa miaka mingi, wakashonwa, wakarudi nyumbani wakavu. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali nyingine nchini, kambi za matibabu ya nasuri zimefanywa mara nyingi bila malipo. Tarehe 23 Mei kila mwaka ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kumaliza nasuri ya uzazi. Sikilizeni redio siku za karibu na tarehe hiyo, mtasikia mahali kambi zilipo.

Kinga yake ni kuzaa mahali penye mkunga aliyefunzwa. Uchungu ukichukua mchana mzima au usiku mzima na mtoto hajakaribia, msingoje. Tengenezeni mpango wa gari tangu mwezi wa saba wa mimba: nani mwenye gari, atalipwa nini, na nani atabaki na ng'ombe.

NENO KWA MABWANA

Bwana mkulima, huenda umesoma mpaka hapa ukakumbuka jambo. Huenda mama wa nyumba yako ameacha kwenda mikutanoni. Huenda ameanza kulala upande wa pili wa nyumba, nawe umedhani amekasirika. Huenda afua kitambaa kila usiku baada ya watu kulala. Usimwulize mbele ya watoto, wala mbele ya mama yako. Ngoja mkiwa wawili, umwambie kwamba umesoma juu ya ugonjwa huu, kwamba wengi wanao, na kwamba utamsindikiza hospitali. Pengine hilo ndilo neno alilolingoja miaka yote.

Kisha tazama kazi za shamba kama unavyotazama mpango wa mbolea. Nani huleta maji? Mara ngapi? Kwa chombo gani? Kijana wa miaka kumi na sita aliye na nguvu hapaswi kukaa barabarani huku mama yake akipanda kilima na debe. Kazi ya maji si kazi ya mwanamke; ni kazi ya mwenye nguvu.

Na ninyi akina mama wa vikundi, chukueni dakika kumi katika mkutano wenu ujao. Mwalikeni muuguzi afundishe zoezi. Vikundi vingi hununua sufuria na mablanketi kwa zamu. Kikundi chaweza vile vile kununua wilbaro kwa zamu, au mfereji wa bati, nyumba moja kila mwezi. Mzee mmoja kati yenu akithubutu kusema, "Mimi nilipatwa, nikatibiwa," wengine watano watapata ulimi.

MASWALI MATANO KWA KILA NYUMBA

Kateni maswali haya myabandike ukutani:

Je, mama mwenye mimba au aliyezaa karibuni anabeba debe?

Je, bati letu lina mfereji wa kukinga mvua?

Je, jiko letu linatoa moshi nje?

Je, sote tumejiandikisha SHA?

Je, mama wa nyumba hii akiwa na shida ya siri, yuko mtu mmoja ambaye anaweza kumwambia bila hofu?

Nyumba inayoweza kujibu swali la mwisho kwa ndiyo, imekwisha anza matibabu.